Mashine za kukatia ua: Betri ina faida, lakini nani atatoa mtaji?

Mteja anayeingia katika maduka ya zana Kariakoo jijini Dar es Salaam, Nyamakima jijini Nairobi au Kikuubo jijini Kampala kuulizia mashine ya kukatia ua wa miti hukutana siku hizi na swali ambalo zamani halikuwapo. Anataka ya petroli, ya umeme wa waya, au ya betri?

Kwa mwenye nyumba hilo ni swali la shilingi chache na upendeleo wa moyo. Kwa mwenye duka na msafirishaji ni swali la mtaji, kwa sababu mashine hizi zikishapakiwa kwenye kontena hazifanani tena. Zinaingia nchini kwa namba tofauti za forodha na masharti tofauti ya usafirishaji, na moja kati yake huzeeka ikiwa ghalani hata kama haijaguswa na mteja.

Maneno ya mtaani yanasema petroli ni ya wanaume wa kazi na umeme ni wa bibi mwenye bustani. Hesabu inaonyesha mambo si mepesi hivyo, na katika baadhi ya maeneo yamegeuka kabisa.

Kwanza bidhaa yenyewe. Mashine ya petroli huwa na injini ndogo ya kuchanganya mafuta na oili, yenye ujazo wa sentimita 22 hadi 27, na uzito wake ni kilo tano au sita. Ya waya huwa na mota ya wati 500 au 600, ni nyepesi zaidi, na ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Ya betri huja katika makundi mawili makubwa: za volti 18, ambazo nyingi hutumia betri moja na drili za mafundi, na za volti 36 au 40 kwa kazi nzito. Upande wa kukata ni mmoja kwa zote: visu viwili vyenye meno vinavyopishana.

Hapo kwenye meno ndipo wauzaji wengi hupoteza wateja bila kujua. Mnunuzi huuliza nguvu ya injini, ilhali kinachoamua unene wa tawi litakaloingia ni mwanya kati ya jino na jino. Mwanya wa milimita 20 unatosha kwa ua laini wa majani madogo unaokatwa kila mwezi. Michongoma iliyoachwa mwaka mzima, kama inavyoonekana katika mashamba mengi ya Arusha na Kiambu, inahitaji mwanya wa milimita 30 na zaidi. Mashine ya petroli yenye meno ya kubanana itashindwa na tawi ambalo ya betri yenye meno mapana italipitia bila shida.

Sasa fedha. Tuchukue fundi wa bustani mwenye mikataba ya hoteli na shule, ambaye kisu chake hufanya kazi saa nne kwa siku, siku 22 kwa mwezi. Injini ya aina hii hunywa karibu nusu lita kwa saa, kwa hiyo ni lita mbili kwa siku. Tukiweka petroli Sh3,000 za Tanzania kwa lita ni Sh6,000. Injini nyingi za sasa huchanganywa sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa kila lita, hivyo oili ni kama Sh500 nyingine. Jumla ni Sh6,500 kwa siku. Hizi ni tarakimu za mfano, na kila msomaji aweke bei ya kituo chake. EWURA ya Tanzania hutangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na EPRA ya Kenya kila tarehe 14.

Kazi hiyo hiyo kwa betri inahitaji umeme mdogo mno. Betri ya volti 36 na ampea-saa 5 hubeba wati-saa 180. Kwa mzigo wa wastani wa wati 150, saa nne zinakula wati-saa 600, yaani betri tatu na kitu. Ukiongeza upotevu wa kuchaji unapata uniti moja isiyotimia. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO anayelipa karibu Sh350 kwa uniti pamoja na kodi, gharama ya siku nzima haifiki Sh300. Hata kwa umeme wa Kenya, ulio ghali zaidi, pengo linabaki kubwa.

Kwa hiyo fundi huyu anaokoa zaidi ya Sh6,000 kila siku ya kazi. Mbona basi hajatupa mashine yake ya petroli?

Jibu ni kwamba mafuta hununuliwa kwa chupa na betri hununuliwa kwa mkupuo. Ili afanye kazi kutwa bila kusimama, fundi wetu anahitaji betri nne. Tukikadiria betri nzuri kuwa Sh350,000, hapo ni Sh1,400,000 kabla hajagusa mashine yenyewe wala chaja. Kwa akiba ya Sh6,200 kwa siku, fedha hiyo inarudi baada ya siku 226 za kazi, kama miezi kumi. Betri ikitunzwa na kudumu mizunguko 500 ya kuchaji, anabaki na zaidi ya mwaka mmoja wa faida tupu. Ni biashara nzuri kwa yeyote anayejua kupiga hesabu, isipokuwa kwa mtu ambaye leo mfukoni ana Sh20,000 na kesho anategemea malipo ya kesho.

Kwa maneno mengine, muuzaji wa betri anamwomba mteja anunue leo mafuta ya miezi kumi ijayo. Soko la Afrika Mashariki limeshaliona tatizo hili katika bidhaa nyingine. Taa za sola hazikuenea Kenya kwa sababu watu walishawishiwa kuwa mafuta ya taa ni ghali, hilo walilijua. Zilienea pale kampuni kama M-KOPA, iliyoanza kuuza mwaka 2012, zilipomruhusu mnunuzi kulipa kidogo kidogo kwa simu, karibu sawa na alivyokuwa akinunua mafuta ya taa. Pikipiki za umeme zimefuata njia hiyo hiyo. Zana za bustani hazijapata mfumo wa namna hiyo kwa upana, na duka la kwanza katika mji wowote litakaloweza kukopesha betri kwa malipo ya wiki litauza mashine ambazo jirani yake anazifuta vumbi.

Kuna njia ya kati ambayo wauzaji wengi hawaisemi: betri mbili na chaja ya kasi badala ya betri nne. Fundi huchaji moja wakati nyingine inafanya kazi. Mtaji unashuka nusu. Lakini kila betri sasa inachajiwa mara mbili kwa siku, mizunguko inaisha mapema, na zaidi ya yote lazima pale anapofanyia kazi pawe na soketi na mwenye nyumba asiyenuna akiona chaja imechomekwa.

Mteja mdogo yuko upande mwingine kabisa wa hesabu. Mwenye nyumba anayekata ua saa moja kwa mwezi hutumia mafuta ya Sh20,000 hivi kwa mwaka. Akiba ya betri kwake haina maana. Lakini petroli nayo haimfai, kwa sababu mafuta yaliyolala ndani ya kabureta kwa miezi huacha utando unaoziba njia, na kila mara atakapotaka kukata ataanza kwa kumwita fundi. Mtu huyu, kama ua wake uko ndani ya mita 30 kutoka kwenye soketi, auziwe mashine ya waya, waya wa kuongezea wa milimita 1.5 za mraba, na swichi ya usalama inayokata umeme pindi kisu kinapougusa waya, jambo ambalo hutokea mara nyingi kuliko wateja wanavyokiri. Faida ya muuzaji hapo ni ndogo. Hata hivyo mteja hatarudi kugomba.

Petroli inabaki na mahali pake, na si padogo. Kandarasi ya kusafisha kingo za barabara, shamba la mkonge, kambi ya hifadhi, ua wa kilomita mbili kuzunguka shamba la kahawa: huko hakuna soketi, na betri ya kumi haitoshi. Petroli pia ina mafundi. Miji ya mbao kama Mafinga na Njombe imejaa watu wanaofungua injini za misumeno ya miti wakiwa wanapiga soga, na injini ya mashine ya ua ni ndugu yake. Plagi ya kuwashia, kamba ya kuvutia, kabureta na vichujio vyake vinapatikana na kwa bei ya mteja yeyote. Betri ikifa, fundi wa mtaani anaweza kubadilisha seli, lakini wachache wana mashine ya kuchomelea seli na uelewa wa saketi inayozilinda. Fundi akikosea kwenye kabureta injini haiwaki, na akikosea kwenye betri ya lithiamu nyumba inaweza kuungua.

Upatikanaji wa nishati yenyewe ndio unaogawa soko la mpakani. Tanzania ilipita katika mgawo mkali wa umeme mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, na muuzaji aliyekuwa na shehena ya betri wakati huo alikuwa na maelezo mengi ya kutoa. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliingia kwenye gridi Februari 2024, na mradi mzima wa megawati 2,115 umebadilisha hali hiyo. Uganda ilizindua Karuma, megawati 600, mwaka huo huo. Kenya, yenye umeme ulioenea kuliko majirani wengi, ilipatwa na giza la nchi nzima zaidi ya mara moja mwaka 2023 na 2024, lakini giza la saa kumi halimzuii mtu ambaye betri zake zilichajiwa usiku uliotangulia. Hilo ni tofauti kubwa kati ya betri na waya: betri ni ghala la umeme, waya ni mfereji tu.

Burundi ni habari nyingine. Tangu mwaka 2021 nchi hiyo imepita katika vipindi virefu vya uhaba wa petroli, foleni za siku kadhaa na mafuta ya kuuzwa kwa siri kwa bei ya kuruka. Katika mazingira hayo swali la Sh3,000 kwa lita halina maana, kwa kuwa lita yenyewe haionekani. Wakati huo huo mradi wa pamoja wa Maporomoko ya Rusumo wa megawati 80, unaogawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, umeongeza umeme katika eneo hilo. Mfanyabiashara anayepeleka zana Bujumbura kupitia Kabanga na Kobero akibeba mashine za petroli pekee anauza kitu ambacho mnunuzi atakosa cha kukilisha. Huko hesabu ya miezi kumi inaweza kuwa fupi zaidi, ilimradi mteja awe kwenye gridi au na sola yake.

Lakini kabla mzigo haujafika Kobero, lazima utoke ulikotoka, na hapo ndipo betri inapoonyesha kucha zake.

Betri za lithiamu ni shehena hatari ya daraja la 9 katika kanuni za kimataifa za usafirishaji. Zikiwa peke yake hubeba namba UN 3480. Zikiwa ndani ya mashine au zimefungwa pamoja nayo, UN 3481. Mpaka wa kukumbuka ni wati-saa 100. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina wati-saa 90, hivyo hupata masharti nafuu. Ile ya volti 36 tuliyoipigia hesabu, yenye wati-saa 180, inavuka mpaka huo na inadai nyaraka kamili, lebo na ufungashaji ulioidhinishwa. Kila aina ya betri inapaswa kuwa na taarifa ya majaribio inayojulikana kama UN 38.3, na mwagizaji anayelipa ankara kabla ya kuiona karatasi hiyo anajitafutia safari ndefu ya barua pepe na kiwanda.

Kwa ndege masharti ni magumu zaidi. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ayoni zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kuwa shehena katika ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo hazitakiwi kuzidi asilimia 30 ya chaji. Wale wanaokwenda Dubai na Guangzhou na kurudi na bidhaa kwenye begi wajue kwamba abiria anaruhusiwa betri za akiba zisizozidi wati-saa 100 kwenye mzigo wa mkononi. Kati ya 100 na 160 anahitaji idhini ya shirika la ndege na hazizidi mbili. Juu ya 160 hairuhusiwi kabisa. Betri ya 180 itabaki uwanja wa ndege, na hakuna stakabadhi ya kurudishiwa fedha.

Mashine mpya ya petroli ambayo haijawahi kutiwa mafuta haina mikosi hiyo. Iliyotumika ni suala jingine. Harufu tu ya petroli inatosha kuizuia kwenye ndege, na katika kontena la mitumba kutoka Uingereza tenki linapaswa kuwa limemwagwa na kukaushwa kabla ya kufungwa.

Msafirishaji wa barabara ana sababu yake ya kuuliza kilichomo. Katoni za betri zikiandikwa "vifaa vya bustani" na kupakiwa karibu na mitungi ya gesi au magunia ya mkaa, dereva anasafiri na kitu ambacho kikishika moto hakizimiki kirahisi, na mwenye lori akidai bima ataulizwa kwa nini shehena haikutajwa. Katoni iliyoanguka na kubonyea isipakiwe. Betri iliyoumia yaweza kukaa kimya siku mbili kisha ikawaka ikiwa Manyoni.

Kwenye forodha, mashine zote mbili zinaangukia kifungu cha 8467 cha zana za mkono zenye mota, lakini hutengana mbele: za umeme huingia 8467.29 na za injini 8467.89. Betri zinazoagizwa zenyewe ni 8507.60, na chaja 8504.40. Seti iliyofungwa kwa ajili ya kuuzwa pamoja mara nyingi hufuata mashine. Betri za akiba kwenye katoni zao hufuata njia yao na kiwango chao cha ushuru. Anayetaka kuwa na betri nne kwa kila mashine, kama hesabu ya juu inavyotaka, amwulize wakala wake wa forodha bei ya njia zote mbili kabla ya kumwelekeza kiwanda jinsi ya kufunga.

Kuna kosa moja linalorudiwa Namanga, Holili na Mutukula. Mfanyabiashara mdogo anasikia kwamba bidhaa za thamani isiyozidi dola 2,000 huvuka kwa utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ananunua mashine tano Kariakoo na kuelekea mpakani. Utaratibu huo ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na kuingizwa kwenye orodha ya pamoja. Mashine iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Tanzania kwa kulala wiki mbili Mtaa wa Congo, na stakabadhi ya duka si cheti cha asili ya bidhaa. Mzigo unaokwenda Kampala au Kigali ni heri utolewe tangu bandarini kwa jina la nchi unakokwenda, chini ya eneo moja la forodha, kuliko kulipiwa Dar es Salaam kisha kukutana na ushuru mwingine mpakani.

Plagi za ukutani nazo hufanya mchezo wake. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia plagi ya pini tatu bapa, kama Uingereza na Dubai. Rwanda, Burundi na Kongo hutumia zaidi pini za mviringo za mtindo wa Ulaya. Chaja 200 za pini bapa zikifika Bujumbura zinahitaji adapta 200, na adapta za bei rahisi huyeyuka. Mitumba ya Uingereza inaingia moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240, lakini ya Marekani ni ya volti 120 na ya Japani ni 100. Chaja ya Marekani ikichomekwa Mwanza bila kusoma lebo yake, mara nyingi huishi kwa sekunde moja.

Halafu udanganyifu. Betri nyingi za bei ya kutupwa hubandikwa maandishi kama 48VF au 88VF, ambayo mnunuzi huyasoma kama volti. Ndani huwa na seli tano zilizounganishwa mfululizo, volti 18 zile zile, na tatu au nne kati ya ampea-saa zilizoandikwa hazipo. Mizani ya jikoni hufichua. Seli moja ya kawaida ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Betri ya kweli ya volti 18 na ampea-saa 5 kwa kawaida ina seli kumi, hivyo pamoja na ganda lake inapaswa kuvuka gramu 600. Ikisoma 380, mteja anauziwa plastiki. Na kwa betri ya namna hiyo hesabu yote ya miezi kumi inavunjika, kwa sababu fundi atahitaji nane badala ya nne.

Hatari kubwa kwa mwenye duka, hata hivyo, iko ghalani kwake. Mashine ya petroli isiyo na mafuta inaweza kukaa rafuni miaka mitatu na kuuzwa kama mpya. Betri ya lithiamu inapungua chaji taratibu hata ikiwa kwenye boksi, na ikishuka chini ya kiwango fulani chaja huikataa. Joto huharakisha kuzeeka kwake. Ghala la mabati Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari ni mahali pabaya kuliko vyote. Mwagizaji makini huuliza tarehe ya kutengenezwa kabla ya bei, huweka betri zikiwa na nusu ya chaji mahali pa kivuli na hewa, na huzikagua kila baada ya miezi mitatu. Anayeagiza kontena zima kwa sababu bei ya jumla ilimvutia anaweza kujikuta anauza mashine na kutupa betri.

Linaloongezeka sasa ni msukumo kutoka nje. California ilipitisha sheria mwaka 2021, na injini ndogo mpya za bustani zilizotengenezwa kuanzia Januari 2024 zinatakiwa ziwe hazitoi moshi kabisa ili kuuzwa huko. Honda ilisitisha mwaka 2023 kutengeneza mashine za petroli za kukatia majani kwa soko la Marekani. Viwanda vikubwa vinapeleka fedha za utafiti kwenye betri. Hilo halina maana kwamba vipuri vya petroli vitakauka kesho. Viwanda vya China vinaendelea kunakili injini za miaka ya nyuma na kuziuza kwa bei ambayo hakuna betri inayoikaribia. Lina maana tu kwamba mashine za petroli za daraja la juu zitazidi kuwa chache, na ofa ya "bei maalumu" kutoka ng'ambo iulizwe kwanza kama vipuri vyake bado vinatengenezwa.

Kelele pia imeanza kuwa na bei. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009, na hoteli za Diani, Naivasha au Nungwi hazihitaji kanuni kujua kwamba mgeni aliyelipa dola 200 hapendi kuamshwa na injini. Hospitali na shule za bweni ni wateja wa aina hiyo hiyo. Hawa wana umeme, wana stoo, wana mhasibu anayeelewa miezi kumi, na hulipa kwa hundi. Betri ianzie kwao.

Ukanda wa chai uendewe kwa uangalifu. Mashine za kuchumia chai ni za ukoo mmoja na hizi, visu vile vile vikiwa na mfuko nyuma, na wauzaji wengine huziweka rafu moja. Mei 2023 mashine za kuchumia zilichomwa moto Kericho na waandamanaji waliolalamikia ajira zao. Anayefungua duka Kericho au Bomet asishangae mteja wa mashine ya ua akitaka ifungwe kwenye gunia kabla ya kutoka nayo.

Kwa duka la mji wa mpakani lenye mtaji wa kawaida, mgawanyo unaoeleweka kwa sasa ni petroli nyingi za bei ya kati pamoja na vipuri vyake, waya chache kwa wenye nyumba, na betri za chapa moja tu, kwa sababu betri ya chapa moja haiingii kwenye mashine ya nyingine. Ni bora mashine tano za betri zenye betri 20 kuliko mashine 20 zenye betri 20. Bujumbura na Gitega mizani hiyo igeuzwe, betri iwe mbele.

Viwango vya ushuru wa pamoja vya Jumuiya, vyenye ngazi za asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35, hufanyiwa marekebisho kila mwaka wa fedha unapoanza tarehe 1 Julai, na nchi moja moja hupewa misamaha ya mwaka mmoja mmoja. Mahitaji ya mashine za ua hupanda mvua zinapoanza na miti kuchipua. Anayelenga vuli ya Oktoba, kwa safari ya meli ya wiki kadhaa kutoka China na siku za kutoa mzigo bandarini, analazimika kuagiza Julai au mapema Agosti, yaani gazeti la Jumuiya likiwa limeshatoka na bei mpya ya kila namba ya forodha ikiwa mezani kwa wakala wake.